Somo la Muziki na Dhamiri ya Mwanafunzi Mwislamu

Katika milima ya Upare, ambako wamisionari Wasabato waliingia mwaka 1903, na ambako Walutheri nao walijenga makanisa na shule hata elimu ya nota ikafungamana na nyimbo za kwaya, si ajabu mwanafunzi Mwislamu wa Same au Usangi akiliendea somo la muziki kwa shaka moyoni. Shaka hiyo ina asili katika fikihi, nayo yastahili heshima. Lakini maulamaa hawakuwa na kauli moja juu ya muziki, kwani Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitenga kitabu kizima ndani ya Ihya, utungo wake mkuu, kulipima jambo hili, na ijapokuwa ala kadhaa alizikataza, hakuharimisha kila sauti nzuri, bali alitazama makusudi na hali ya msikilizaji. Na dufu la maulidi je, halina mizani ya mapigo? Kimtaabishacho kijana, naona mimi, aghalabu ni kuimbishwa ibada isiyo yake. Basi walimu, tafadhalini, mfundisheni nota kwa kasida na ngoma za Kipare pia, na ambaye dhamiri yake haikuridhia asilazimishwe kuimba.