Mada: Njia ya Kuwa Daktari wa Upasuaji, na Suala la Usingizi katika Hospitali za Wilaya

Ndugu Mwenyekiti, walimu wa sayansi, wazazi, wenzangu wa idara ya afya, na ninyi wanafunzi mliotoka Korogwe na Handeni,

Nimeombwa nieleze mambo yanayohitajika ili kijana wa Chanika (Chanika yetu hii ya Handeni, si ile ya Dar es Salaam) afikie kuwa daktari wa upasuaji. Njia yenyewe nitaipitia haraka, kwa sababu walimu wanaifahamu. Baada ya hapo nitaomba uvumilivu wenu kwa jambo ambalo halimo kwenye barua ya mwaliko. Nitakayosema ni maoni yangu, wala si msimamo wa mwajiri wangu.

1. Njia yenyewe

Mwanafunzi anasoma Fizikia, Kemia na Baiolojia kidato cha tano na cha sita, akifaulu vizuri anaingia shahada ya udaktari kwa miaka 5. Unafuata mwaka 1 wa mafunzo kazini, anapozungushwa idara za magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto na uzazi, kisha anasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Hapo ameshakuwa daktari, ila bingwa bado. Ubingwa wa upasuaji ni shahada ya uzamili ya miaka 3 au 4 kutegemea chuo: Muhimbili, KCMC, Bugando na kwingineko. Ipo pia njia ya Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa 1999 na chenye makao yake Arusha, ambacho humfundisha daktari akiwa kazini katika hospitali iliyoidhinishwa. Anayetaka moyo au ubongo anaongeza miaka mingine. Aliyemaliza kidato cha sita na miaka 19 atakuwa bingwa akikaribia 30, ikiwa mkopo haukukwama na ajira haikuchelewa. Wengi huchelewa.

Katika kila semina huulizwa kuhusu kuogopa damu. Woga huo huisha. Nimewaona waliozimia wiki ya kwanza thieta ambao leo ni mabingwa. Kuamshwa saa nane usiku ndiko kusikozoeleka.

2. Usingizi

Mwenyekiti ananijua, na anajua hapa ndipo nitakapokula muda wa wenzangu.

Kabla ya tarehe 16 Oktoba 1846, siku ambayo William Morton alimlaza mgonjwa kwa etha hadharani huko Boston, mpasuaji hodari alikuwa yule mwenye kasi, maana mgonjwa alikuwa macho na ameshikwa na watu. Upasuaji wote tunaoufahamu leo umesimama juu ya dawa ya usingizi, na juu ya mtu anayeitoa na kukaa kichwani pa mgonjwa akimtazama anavyopumua hadi azinduke. Katika hospitali zetu za wilaya mtu huyu kwa kawaida ni muuguzi aliyeongezewa mafunzo ya mwaka 1. Mara nyingi yuko peke yake.

Niwaeleze inavyokuwa. Asubuhi kwenye ubao wa thieta kuna majina manne: ngiri mbili, busha moja, uvimbe mmoja. Mkoa wa Tanga unajulikana kwa matende na mabusha, na mzee mwenye busha lake amelibeba miaka mingi akiona haya. Hajala tangu jana jioni. Amevalishwa gauni la kijani, ameketi kwenye benchi. Saa tatu anaingia mama ambaye uchungu umekwama. Mtu wa usingizi anakwenda huko, na ni haki yake mama yule. Mtoto anatoka salama. Saa sita inaletwa ajali ya bodaboda, kichwa kimeumia, mgonjwa anapewa rufaa kwenda hospitali ya mkoa, Bombo. Wa kumsindikiza ni nani, endapo atashindwa kupumua njiani? Ni yule yule wa usingizi. Anapanda gari la wagonjwa na mfuko wake wa kupumulisha, na ubao unafutwa. Saa kumi mzee anapewa chai na andazi, anaambiwa arudi wiki ijayo. Nauli ya kurudi ameikopa. Mimi ninayetajwa kuwa mpasuaji nimeshinda nasaini fomu ofisini.

Siitaji hospitali, wala si lengo langu kumlaumu mtu.

Ninyi wanafunzi mnaweza kuuliza hili linawahusu vipi. Upasuaji hujifunzwa kwa kupasua. Daktari kijana aliyetoka mafunzo kazini akiwa na hamu anapangiwa wilayani, ambako angefanya ngiri, kidole tumbo na upasuaji wa uzazi chini ya macho ya mkubwa wake. Thieta ikifungwa siku mbili kwa wiki kwa kukosa mtu wa usingizi, daftari lake la kazi linabaki na kurasa tupu. Baada ya mwaka mmoja ameanza kutafuta mradi wenye posho, au anaomba kazi za utawala. Na yule aliyekwenda kusomea ubingwa harudi wilayani, kwa kuwa hakuna atakachopasua. Watu wanasema mabingwa wanapenda miji. Wapo. Lakini wengi ninaowafahamu wanapenda thieta inayofanya kazi, nayo iko mjini.

Kuanzia 2017 Serikali imejenga na kupanua vituo vya afya vingi ili vifanye upasuaji wa dharura wa uzazi. Nashukuru, na nasema hivyo kwa dhati. Ila jengo hujengwa kwa miezi. Mtu wa usingizi hutengenezwa kwa miaka, tena akirudi kutoka masomoni mara nyingi hukuta cheo na mshahara wake wa uuguzi vilevile, na zamu ambazo hakuna wa kubadilishana naye. Nimeona wauguzi wazuri wakikataa kwenda kusoma kwa sababu hiyo, nami nikakosa la kuwajibu.

Msinielewe kuwa upasuaji salama hauwezekani katika hospitali ya wilaya. Orodha ya Shirika la Afya Duniani ya usalama wa upasuaji, iliyozinduliwa 2008, ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, London na Seattle zikiwamo, na mojawapo ilikuwa hospitali ya wilaya kama zetu, Mtakatifu Fransisko, Ifakara. Katika hospitali hizo kwa jumla vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Sehemu ya orodha hiyo ni ya mtu wa usingizi: amekagua mashine na dawa? Kipimo cha oksijeni kipo kidoleni na kinafanya kazi? Pasipo mtu huyo, maswali hayo hayana wa kuyajibu.

3. Mapendekezo

Kwanza, halmashauri zipeleke wauguzi kusomea usingizi kila mwaka, wawili wawili, na kila chumba cha upasuaji kisihesabiwe kuwa kimekamilika mpaka kiwe na watu wa usingizi wasiopungua watatu. Nasema watatu kwa sababu wawili wakiwepo, mmoja yuko likizo.

Pili, mamlaka zinazohusika ziangalie upya muundo wa utumishi, ili aliyesomea usingizi apande cheo kwa kazi hiyo.

Tatu, msindikizaji wa rufaa asiwe mtu wa usingizi pekee aliyepo. Wauguzi wa dharura wafundishwe kutunza njia ya hewa.

Nne, kambi za madaktari bingwa zilizoanza 2024, ambazo huja na bingwa wa usingizi pia, zitumike kufundisha watu wetu, zisiishie kuhesabu wagonjwa waliohudumiwa.

Tano, halmashauri zipeleke wauguzi kusomea usingizi. Najua nimeshalisema.

Sita, walimu wa ushauri wa masomo wawaambie wanafunzi kuwa ubingwa wa usingizi na ganzi upo, ni shahada ya uzamili kama ya upasuaji, na nchi inauhitaji zaidi. Katika vijana waliopo ukumbini wanaotaka kupasua, ningefurahi nusu yao wakibadili nia leo.

Saba, wanafunzi wa mchepuo wa Fizikia, Kemia na Baiolojia waruhusiwe kutembelea idara ya upasuaji, kwa kibali cha Mganga Mkuu wa Wilaya, na waonyeshwe pia kiti kilichopo kichwani pa kitanda.

Nane, ubao wa thieta uandike sababu ya kila upasuaji ulioahirishwa, na taarifa hiyo ifike kwenye kamati ya huduma za jamii kila robo mwaka. Sasa hivi ubao unafutwa kwa kitambaa, na kwenye taarifa mzee wa busha hayumo.

Ndugu Mwenyekiti, sekretarieti ikiona pendekezo la kwanza na la tano yanafanana, naomba yaingizwe kwenye maazimio yote mawili.