Paka Nyumbani: Chanjo Kwanza

Mahindi yakishaingia ghalani, panya nao huja. Ndiyo sababu nyumba nyingi hufuga paka. Ni jambo jema. Lakini je, paka wako amechanjwa?

Wengi hudhani kichaa cha mbwa ni cha mbwa peke yake. Sivyo. Paka akiumwa na mbwa mwenye kichaa huweza kuambukizwa, naye akamwambukiza mtoto kwa kumuuma au kumparura. Dalili zikishamtokea mtu, hakuna dawa ya kumponya.

Ukichagua paka, chukua aliyetimiza wiki 8, mchangamfu, mwenye macho maangavu. Akifika miezi 3, mpeleke kwa daktari wa mifugo achanjwe, kisha arudie chanjo kila mwaka.

Mtoto akiumwa na paka, mama, usimchape. Ukimchapa, siku nyingine atakuficha. Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 nzima. Kama huna mfereji, mtu akumiminie kwa jagi. Usipake mafuta ya taa, pilipili wala majani. Siku hiyo hiyo mpeleke hospitali, hata kama jeraha ni dogo, na amalize sindano zote atakazoandikiwa. Usingoje kuona kama paka atakufa.

Paka alinde mahindi, nawe umlinde mtoto. Kwaherini hadi kipindi kijacho.