Maji ya Mkondoa Yatoka Wapi?

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Kilosa na Mikumi

Natumaini mmekwisha kukaa, na kila mmoja ana daftari na kalamu yake. Nawaomba walimu wa madarasa waweke mbele ya watu sufuria yenye maji kidogo, mfuniko wake, na jiko lenye moto. Tutavitumia sasa hivi.

Somo la leo limetokana na swali. Mama mmoja wa darasa la Kilosa alinisimamisha baada ya kisomo akaniambia, "Mwalimu, siku ile kwetu jua liliwaka kutwa, hata tone la mvua hatukuliona. Usiku mto ukajaa, ukanichukulia mpunga wangu. Maji yale yalitoka wapi?" Nilimjibu maneno mawili matatu tukiwa tumesimama njiani, lakini jibu lile halikunitosha mimi mwenyewe. Basi leo namjibu yeye, na ninyi nyote.

Haya, bandikeni sufuria motoni. Maji yakipata moto sana hugeuka mvuke. Mvuke wenyewe hauonekani kwa macho. Kile cheupe mnachokiona kikipanda ni mvuke uliokwisha kupoa kidogo ukawa vitone vidogo sana vya maji. Sasa funikeni kwa mfuniko wa baridi, ngojeni kidogo, kisha ufunueni mwutazame kwa chini. Mnaona nini? Matone. Maji yalipanda yakiwa mvuke, yakakutana na baridi, yakawa maji tena, na yakizidi uzito yaanguka. Mvua ni jambo hilo hilo. Aliyefahamu habari ya mfuniko amekwisha kufahamu nusu ya somo letu.

Sufuria yetu kubwa ni Bahari ya Hindi, na moto wake ni jua. Bahari haichemki, lakini maji hayangoji kuchemka ndipo yawe mvuke. Kanga mliyoanika asubuhi yakauka, na hapana aliyeichemsha. Jua lapiga bahari kutwa, mvuke wapanda, chumvi yabaki chini; ndiyo sababu maji ya mvua hayana chumvi. Kisha upepo wauchukua mvuke na kuuleta bara: kaskazi kwa kadiri toka Desemba hata Machi, na kusi baada yake.

Upepo huo ukitoka pwani wakutana na milima ya Uluguru, ambayo vilele vyake vyapita mita 2,600. Hauwezi kupenya mlima, basi hapana budi upande. Na huko juu kuna baridi, maana kwa kawaida kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kama digrii 6. Hapo ndipo penye mfuniko wetu. Mvuke wapoa, wawa mawingu, mvua yanyesha. Upande wa mashariki wa Uluguru, ule unaoelekea bahari, pana mahali panapopata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Upepo ukivuka kilele na kushuka upande huu wa pili, umekwisha kupungukiwa na maji. Tena kila unaposhuka wapata joto, na hewa yenye joto haiachi maji yake upesi. Ndiyo sababu nyanda za Mkata, kule Mikumi, ni nchi ya majani marefu na miti iliyotengana, wala si msitu mnene kama ule wa Uluguru. Ninyi wa Mikumi mnakaa nyuma ya ukuta. Hifadhi yenu ilianzishwa mwaka 1964, na kitu kile kile kinachomfanya mkulima wa mahindi atazame mbingu kwa wasiwasi ndicho kinachowapa nyati na punda milia malisho yao. Sisemi hivyo kumfariji mkulima, najua hafarijiki.

Hapa yafaa nitenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Hali ya hewa ni habari ya leo na kesho: kuna mawingu, kuna upepo, jioni itanyesha. Tabia ya nchi ni desturi ya mahali, nayo haijulikani kwa siku moja wala kwa mwaka mmoja. Wataalamu hukusanya vipimo vya miaka kama 30 ndipo waseme. Ni kama jirani yako. Leo amekuamkia kwa hasira, lakini tabia yake ya siku zote ni upole.

Tabia ya nchi ya Dodoma ni ukame. Hupata kama milimita 600 tu kwa mwaka, karibu zote toka Desemba hata Aprili. Lakini mtu asidanganyike. Mvua ya nchi kavu ikija huja kwa kishindo, nayo huangukia ardhi ngumu isiyo na majani ya kuyazuia maji. Ardhi haipati nafasi ya kuyanywa. Yakimbia juu juu, yakichukua mchanga, kutafuta bonde.

Na bonde lenyewe ni lipi? Sasa twarudi kwa yule mama. Mto Mkondoa haukuzaliwa Kilosa. Maji yake mengi yatoka mbali, upande wa Dodoma, na huko mto waitwa Kinyasungwe. Yapita Gulwe, yapita Kidete, yakijipenyeza katikati ya milima pamoja na reli ya kati, ndipo yafike Kilosa. Basi mvua ya Mpwapwa ni mvua yenu pia, ila huja kwa miguu.

Tufanye hesabu kidogo, andikeni. Mvua ya milimita 1, ikianguka juu ya eneo la mita 1 kwa mita 1, ni lita 1 ya maji. Nyumba yenye paa la mita 6 kwa mita 5 ina mita za eneo 30. Ikinyesha milimita 20, maji ya paani ni 30 mara 20, yaani lita 600, ndoo 30 za lita 20. Hayo ni ya paa moja. Sasa chukueni nchi ya kilomita 1 kwa kilomita 1, mvua ya milimita 50. Nimekwisha piga hesabu: ni lita 50,000,000. Na nchi inayomimina maji yake Mkondoa ni maelfu ya kilomita za eneo za namna hiyo.

Wengi wenu mwakumbuka mwisho wa Desemba 2009 na Januari 2010. Mto ulivunja tuta lake ukaingia katika makazi, maelfu ya watu wakakosa nyumba wakalala katika mahema, na reli kati ya Kilosa na Gulwe ikaharibika hata treni zikasimama kwa muda mrefu. Januari 2014 ikawa zamu ya Magole na Dumila, mto ukavunja njia darajani na magari ya Morogoro na Dodoma yakasimama.

Habari ya tuta ni ngumu, nami sitaki kuipita kwa haraka. Tuta ni udongo tu. Ukililima, ukipitisha ng'ombe juu yake kila siku kwenda kunywa, lapungua, na maji hutafuta mahali palipo dhaifu. Tena mchanga unaotoka juu hujaza mto, chini ya mto hupanda, na tuta lililokuwa refu huwa fupi pasipo kuguswa na mtu. Watu wasemao kwamba wanaolima kando ya mto ni wajinga hawajashika udongo ule. Ni mweusi, una unyevu hata kiangazi, na umeletwa na mafuriko hayo hayo. Mtu mwenye watoto hauachi kwa kuambiwa. Lakini yawezekana kulima bondeni na kulala juu, na yawezekana kuacha nafasi ya hatua kadhaa toka tutani.

Jambo jingine halina gharama. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri kila siku. Mtu wa Kilosa husikiliza Morogoro, kisha huzima redio. Ndugu zangu, sikilizeni Dodoma pia. Ikitajwa mvua kubwa huko, ulizeni habari kwa simu kwa jamaa walio Gulwe au Kidete, hata kama juu ya vichwa vyenu kuna nyota. Mto ukibadili rangi ghafla, ukaleta vijiti na majani makavu, msingoje kuona zaidi.

Na maji yakiisha kupita Kilosa? Yaingia katika kinamasi cha Tendigo, yashika mto Wami, na kule Saadani yaingia baharini. Jua layangoja huko. Maji yaliyouchukua mpunga wa mama yule huenda yamekwisha rudi Uluguru mara nyingi.

Kazi ya juma hili. Kila darasa litafute kopo lililonyooka, lenye mdomo sawa na kitako, liliweke mahali pa wazi mbali na miti na mapaa. Kila siku saa tatu asubuhi, pimeni kwa rula maji yaliyomo, andikeni milimita, kisha mwageni. Walio karibu na mto wachomeke mti wenye alama mahali salama ukingoni, waandike maji yamefika wapi. Siku ambayo kopo ni kavu na mti umelowa zaidi ya jana, iandikeni kwa wino mwekundu.

Kwaherini.