Jina Moja, Wenye Wawili

Msikilizaji, tarehe 18 Mei 2005 kampuni ya bia ya Marekani, Anheuser-Busch, iliwasilisha ombi kwenye ofisi ya usajili wa alama za biashara ya Uingereza. Ilitaka usajili wa jina Budweiser wa mshindani wake, kampuni ya Budějovický Budvar ya Ucheki, ubatilishwe. Kampuni hizo mbili zilikuwa zimesajiliwa jina hilo hilo siku moja, tarehe 19 Mei 2000. Na sheria ilisema hivi: mwenye alama iliyotangulia akinyamaza miaka mitano mfululizo huku akiiona ya mwenzake inatumika, amepoteza haki ya kuipinga. Hesabu mwenyewe. Ilikuwa imebaki siku moja.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Lakini je, kimya cha namna hiyo kinastahili kulipwa na mahakama?

Jina lenyewe linatokana na mji wa České Budějovice, ambao kwa Kijerumani huitwa Budweis, mji uliopika bia tangu enzi za kati. Wamarekani walianza kuuza bia yao ya Budweiser mwaka 1876. Budvar ilianzishwa mjini humo mwaka 1895. Kila upande ulikuwa na sababu yake ya haki ya kulishika jina, na walipokutana Uingereza katika miaka ya sabini, Budvar ikiingia sokoni mwaka 1973 na Anheuser-Busch mwaka 1974, hakuna aliyekuja kuiba cha mwenzake. Walishtakiana, naam, tena zaidi ya mara moja. Mwisho, mwaka 2000, Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ikakubali wote wawili wasajiliwe.

Mnywaji wa Kiingereza alikuwa ameshajua zamani ipi ni ya nani. Bia hizo zilitofautiana ladha, bei, hata sura ya chupa. Waliochanganyikiwa walikuwepo, ila wachache mno. Kwa nini basi ombi la mwaka 2005 liliwasumbua majaji kiasi hicho? Kwa sababu Anheuser-Busch ilikuwa na hoja nzito kwenye karatasi: yenyewe iliomba usajili mwaka 1979, Budvar ikaomba mwaka 1989. Jina ni lile lile, bidhaa ni ile ile. Ukiisoma sheria mpya ya Uingereza, ya mwaka 1994, neno kwa neno, wa pili anatoka, hata kama wameishi pamoja miaka thelathini.

Kesi ilifika hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya. Tarehe 22 Septemba 2011 majaji wake wakasema jambo ambalo mimi nalishikilia kwa mikono miwili. Kazi ya alama ya biashara ni kumhakikishia mnunuzi kwamba bidhaa imetoka kwa nani. Ikiwa wafanyabiashara wawili wamelitumia jina moja kwa muda mrefu, kwa uaminifu, na wanunuzi wanajua nani ni nani, kazi hiyo haijaharibika. Kisichoharibika hakihitaji tiba. Mwezi Julai 2012 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ikaipa ushindi Budvar.

Kanuni hiyo ina mizizi mirefu. Edward John Dent, fundi saa wa London aliyepewa kazi ya kutengeneza saa kubwa ya Bunge la Westminster, alifariki mwaka 1853, na biashara yake ikagawanyika kati ya watoto wake wawili wa kambo. Maduka mbalimbali, jina moja la Dent, na hakuna aliyekosea. Mwaka 1861 mahakama ikaamua kwamba mmoja wa wenye jina hilo anaweza kumzuia mtu wa nje anayelitumia, bila kumngoja mwenzake.

Lakini neno uaminifu hapa si pambo. Mwaka 2016 mahakama moja ya London iliamua kesi ya wauzaji wawili wa vifaa vya bafu, Victoria Plum na Victorian Plumbing. Majina yao yalikaribiana, na kwa miaka mingi waliuza kwenye intaneti bila ugomvi mkubwa. Kisha mmoja akawa analipia matangazo ili mtu akitafuta jina la mwenzake, tangazo lake yeye ndilo litokee. Alipojitetea kwamba wameishi pamoja kwa uaminifu, jaji alikataa. Anayeishi na jirani wa jina moja anavumiliwa kwa mkanganyiko ule usioepukika. Akianza kuuongeza kwa makusudi, amejivua ngao mwenyewe. Naona hukumu hiyo ni ya haki kabisa.

Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaenda mbali zaidi katika kesi ya Muzmatch, programu ya simu ya Waislamu wanaotafuta wachumba, iliyoshtakiwa na wenye Match.com. Ilisema kuishi pamoja kwa uaminifu si utetezi unaosimama peke yake, bali ni jambo la kupimwa pamoja na mengine pale mahakama inapoamua kama alama imeumizwa. Muzmatch ilishindwa, na leo inaitwa Muzz.

Sasa hapa kwetu. Sheria ya Alama za Biashara ya Kenya ilifuata sheria ya Uingereza ya mwaka 1938, ile ile iliyowaruhusu Budvar na Anheuser-Busch wasajiliwe pamoja. Waingereza waliiacha mwaka 1994. Kenya bado inayo: kifungu cha 15 kinampa Msajili au mahakama uwezo wa kusajili alama zinazofanana kwa wenye zaidi ya mmoja, ikiwa wamezitumia sambamba kwa uaminifu. Kifungu kingine kinamlinda aliyeitumia alama mfululizo tangu kabla mwenye cheti hajaanza kuitumia na kabla hajaisajili.

Fikiria mwenye mkahawa wa Lamu au fundi viatu wa Kisumu aliyelijenga jina lake miaka ishirini bila kujua njia ya ofisi ya usajili. Anakuja mwenye mtaji na cheti kipya, anamtumia barua ya wakili. Vifungu hivi ndivyo vinavyomfaa, lakini havimfai mikono mitupu. Atadaiwa risiti, leseni za kaunti za mwaka baada ya mwaka, picha za kibao cha duka zenye tarehe, wateja wa kumshuhudia. Wenye maduka, wekeni karatasi hizo kuanzia leo. Na wabunge wetu, siku mtakapoiandika upya sheria ya alama za biashara, kifungu cha 15 msikiguse.