Lori Moja, Mizigo Mingi

Sisi wa Mpanda tunajua: mwenye magunia matano ya mahindi hakodi lori peke yake. Huungana na wenzake, wakagawana gharama.

Hata mitambo ya angani husafiri hivyo. Tarehe 15 Aprili 2023, Kenya ilirusha Taifa-1, setilaiti ndogo yenye kamera ya kupiga picha za ardhi, ili zisaidie kilimo. Ilirushwa kutoka Marekani. Roketi moja ilibeba mizigo yapata 50 ya wenyewe mbalimbali.

Lakini mwenye mzigo mdogo hapangi safari. Hali ya hewa ilipokuwa mbaya, wote walingoja.

Basi tukichangia lori, tukubaliane kwanza: siku ipi, njia ipi, nani alipe kiasi gani. Tupatane kabla ya kupakia.