Saratani Adimu: Tunapoombwa Kushiriki Majaribio ya Tiba



Kamati imeniomba nizungumzie saratani zilizo adimu, kwa kuwa jamaa zetu wawili wa hapa Ubelgiji wameombwa na madaktari wao wajiunge na majaribio ya tiba. Mmoja alikubali. Mwingine alikataa, akasema hakuvuka bahari aje kufanywa panya wa maabara. Neno hilo lastahili kujibiwa kwa heshima.

Ulaya huiita adimu saratani inayowapata watu wasiofikia 6 katika kila 100,000 kwa mwaka. Lakini uadimu ni wa mahali. Limfoma ya Burkitt, ambayo daktari wa Brussels huiona kwa nadra, kwetu katika ukanda wa Ikweta ni miongoni mwa saratani zinazowashika watoto mara nyingi zaidi. Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, aliueleza uvimbe huo wa taya mwaka 1958. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari na wenzake wawili maelfu ya maili, hospitali hadi hospitali, akiuliza ni wapi upo na wapi haupo. Mwaka 1964, katika vipande vilivyotumwa London kutoka Uganda, Epstein, Achong na Barr waligundua kirusi. Na tangu 1967, katika Taasisi ya Saratani ya Uganda, majaribio kwa watoto hao yalisaidia kuonyesha kwamba saratani yaweza kuponywa kwa dawa. Elimu hii, basi, si ya wageni. Miili ya watoto wa kwetu imo ndani yake.

Kwa maradhi adimu hospitali moja haipati wagonjwa wa kutosha. Ndiyo maana shirika la EORTC, lililoanzishwa 1962 na lenye makao yake hapa hapa Brussels, huunganisha hospitali za nchi nyingi. Mwaka 2001 na 2002 wagonjwa 946 wa uvimbe adimu wa tumbo uitwao GIST walijaribiwa dawa ya imatinibu kwa vipimo viwili. Wote walipangiwa dawa yenyewe. Hapakuwa na kidonge kitupu.

Ndugu yetu anayeogopa na aulize: nitapewa nini, mwenzangu atapewa nini, nani atalipa, nikijitoa nitatibiwaje? Sheria inampa haki ya kujitoa wakati wowote bila kueleza sababu. Fomu ya ridhaa huwa na kurasa nyingi. Asitie sahihi kabla ya kuielewa. Wauguzi waliomo katika ukoo wamekubali kuisoma pamoja naye kwa Kiswahili, na majina yao yako kwa katibu.