Uwekezaji wa Halmashauri katika Mitaa na Maeneo ya Wazi: Nani Mwenye Mtaro?

(Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya madiwani, wakuu wa idara na watendaji wa kata na mitaa)

1. Utangulizi



Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie uwekezaji wa halmashauri katika kuboresha mitaa na maeneo ya wazi. Nitafanya hivyo, ila naomba nipite upesi kwenye yale tunayoyajua sote, ili muda mwingi tuutumie kwenye jambo moja: mtaro wa maji ya mvua. Nimekuwa mhandisi katika serikali za mitaa kwa zaidi ya miaka 20. Barabara nyingi za mitaa nilizoziona zikiharibika hazikuanzia katikati, pale magari yanapopita. Zilianzia pembeni, kwenye mtaro.

Maoni nitakayoyatoa ni yangu kama mtaalamu. Hayachukui nafasi ya miongozo ya TAMISEMI wala maelekezo ya taasisi yoyote.

2. Maana ya maneno

Kwa "mtaa" nakusudia barabara ya makazi au ya biashara pamoja na vyote vilivyo kando yake: njia ya waenda kwa miguu, mtaro, taa, miti na nafasi ya wafanyabiashara wadogo. Kwa "eneo la wazi" nakusudia kiwanja cha michezo, bustani, uwanja wa mikutano na nafasi nyingine iliyotengwa kwenye ramani ya mipango miji kwa matumizi ya wote. Kwa "uwekezaji" nakusudia fedha za kujenga na fedha za kutunza kilichojengwa. Sehemu hiyo ya pili ya maana ndiyo tunayoisahau.

3. Tulikofika

Hatuwezi kusema nchi yetu haijajenga. Mradi wa Miji ya Kimkakati, TSCP, ulioanza 2010, uliigusa Mwanza, Arusha, Tanga, Mbeya, Dodoma, Kigoma Ujiji na Mtwara Mikindani. Mwaka 2015 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola za Marekani milioni 300 kwa mradi wa uendelezaji wa Jiji la Dar es Salaam, DMDP. Kupitia mradi huo mitaa mingi ya Ilala, Kinondoni na Temeke ilipata lami, mitaro na taa, na Mto Ng'ombe ukajengewa kingo za zege. Sasa mradi wa kuboresha miundombinu ya miji, TACTIC, unahusu miji 45. Kwa upande wa matengenezo, mwaka 2021 Serikali iliongeza tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara zinazosimamiwa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA.

Mtaa ukipata lami na taa, duka linafungwa saa 3 usiku badala ya saa 12 jioni, bodaboda anafika mlangoni na mgonjwa anawahi zahanati. Hakuna asiyeyaona manufaa hayo, kwa hiyo sitayaongezea maneno. Tujiulize tu mitaa hiyo itakuwa na hali gani baada ya masika manne au matano.

4. Tatizo lenyewe

4.1 Maji yanavyoiua barabara

Lami ni paa. Nguvu ya kubeba lori iko chini yake, kwenye tabaka za kokoto na udongo ulioshindiliwa. Tabaka hizo zikiwa kavu hubeba mzigo kwa miaka mingi. Zikilowa hulegea. Mtaro ukijaa, maji husimama ukingoni mwa barabara na kupenya chini ya lami. Kila gurudumu zito linapopita hulisukuma lile tope la chini huku na huku. Kwanza tunaona nyufa, halafu ukingo unameguka, halafu shimo. Mwananchi hulaumu lami na mkandarasi. Mara nyingi mwenye kosa ni mtaro ulioziba miezi sita kabla.

Naomba tuhesabu pamoja. Chukua mtaro wa zege wenye upana wa mita 1 na kina cha mita 1. Ukijaa tope hadi nusu, wengi wetu hudhani umebakiwa na nusu ya uwezo. Sivyo. Kwa hesabu za mtiririko wa maji, umebakiwa na asilimia 40 hivi, kwa kuwa maji yanapopungua kina huzuiwa zaidi na kuta na sakafu ya mtaro. Sakafu ikiwa ya tope na chupa badala ya zege laini, hata asilimia hiyo haifikiwi. Basi mtaro wa nusu tope si wa kusubiri bajeti ijayo. Umeshashindwa kazi, mvua tu ndiyo haijaja kuuumbua.

Maji hayo hayaharibu barabara peke yake. Mbu aina ya culex, anayeeneza matende na mabusha, huzaliana vizuri kwenye maji machafu yaliyotuama. Kiwanja cha michezo kilicho bondeni hugeuka bwawa, na watoto huhamia kucheza barabarani.

4.2 Tope ni la nani?

Hapa naomba mnivumilie, maana hili nimepambana nalo tangu nikiwa kijana kazini.

Kabla ya 2017 nilikuwa mhandisi katika halmashauri moja ya mji. Tulijenga mtaa wa sokoni: lami mpya, mtaro wa zege pande zote mbili, mifuniko juu yake. Masika ya kwanza yalipita salama. Ya pili yalitukuta mtaro umejaa. Upande wa ujenzi tuliandika barua kwa upande wa afya kuomba mtaro uzibuliwe, kwa sababu ulijaa taka. Upande wa afya ulijibu kwamba kilichomo ni tope, na tope ni la barabara. Tukajibu kwamba ndani ya tope kuna mifuko na maganda. Wakajibu kwamba gari la taka haliruhusiwi kubeba mchanga kwa sababu linaharibika. Barua zote hizo zilitembea ndani ya jengo moja, chini ya mkurugenzi mmoja. Zilipokamilika mvua ilikuwa imekwisha, na ukingo wa barabara umemeguka. Sahihi yangu ilikuwa kwenye barua tatu kati ya hizo. Nalisema hili kwa uchungu.

Mama lishe mmoja wa mtaa ule alikuwa akizoa uchafu wa mtaro mbele ya meza yake kila asubuhi. Siku moja aliniuliza, kwa heshima lakini bila kunificha, asafishe mpaka lini ilhali uchafu wa majirani wa juu unamshukia kila mvua inyeshapo. Sikuwa na jibu. Mtaro hausafishwi kwa vipande. Unasafishwa kuanzia unapomwaga maji kurudi juu unapoanzia, au haujasafishwa.

Julai 2017 TARURA ilianza kazi, na barabara za halmashauri zikahamia huko. Uamuzi huo ulikuwa na sababu zake nzuri, na umeleta usimamizi wa kitaalamu. Lakini swali la tope halikujibiwa na muundo mpya. Barabara na mtaro wake ziko chini ya wakala, ilhali taka ngumu zimebaki kuwa wajibu wa serikali za mitaa kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Kwenye karatasi mpaka huo uko wazi. Ndani ya mtaro haupo, kwa sababu mchanga na taka vimekwisha kuchanganyika. Simlaumu yeyote. Ninachosema ni kwamba kitu chenye wenyewe wawili ambao hawajaandikiana hakina mwenyewe.

4.3 Mfuniko usioinuka

Katika mitaa yetu mingi mfuniko wa mtaro ndio njia ya waenda kwa miguu. Mfuniko wa zege wa mita 1 kwa mita 1, wenye unene wa sentimita 15, una uzito wa kilo 360 hivi. Vijana wenye koleo hawawezi kuuinua. Wanachofanya ni kuuvunja kwa nyundo. Nondo zinakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na shimo linabaki wazi. Mwenye baiskeli ya magurudumu matatu hapiti tena, na mzee asiyeona vizuri huvunjikia mguu pale. Tumejenga mtaro ambao hauwezi kusafishwa bila kuharibiwa. Kosa hilo linatoka mezani kwetu sisi wahandisi, na naomba tulikubali.

4.4 Mchanga unakotoka

Tunaweka lami mtaa mmoja na kuacha vichochoro sita vinavyoingia humo vikiwa vya udongo. Kila mvua huleta mchanga wa vichochoro hivyo hadi kwenye mtaro mpya. Ongeza kifusi cha wanaojenga na mchanga uliomwagwa kando ya barabara ukisubiri fundi. Shimo dogo la kunasia mchanga kwenye kila makutano lingepunguza sana kazi, lakini nalo linahitaji mtu wa kulizoa.

4.5 Safari saba za tipa

Ule mtaro wetu wa mfano, ukiwa nusu tope, una mita za ujazo 50 za tope katika kila mita 100. Kwa tipa la mita za ujazo 7, hizo ni safari 7 na zaidi kidogo. Nenda kwenye mpango wowote wa usafi wa mtaa uitafute fedha ya tipa. Utakuta fedha ya koleo, glavu na viatu vya mpira. Tipa halimo. Jumamosi ya mwisho wa mwezi wananchi wanajitokeza, wanatoa tope kwa mikono yao na kulirundika pembeni mwa mtaro. Jumatatu mvua inalirudisha ndani. Nimeliona hili mara nyingi kiasi kwamba nikiona rundo la tope kando ya mtaro nasononeka kuliko nikiuona mtaro umejaa. Rundo lile ni jasho la watu tulilolipoteza, na mwezi unaofuata wachache watajitokeza. Wakosaji hapo ni sisi tuliowaita bila kuandaa gari.

5. Mapendekezo

Kwa heshima, napendekeza yafuatayo:

(i) Kila mtaro uandikwe kwenye rejista ya kata: unapoanzia, unapomwaga, upana, kina na jina la cheo cha anayewajibika.

(ii) Halmashauri na TARURA katika kila wilaya ziandikiane makubaliano mafupi yanayojibu swali moja: tope lililochanganyika na taka linatolewa na nani na linabebwa na nani. Ukurasa mmoja unatosha.

(iii) Mitaro izibuliwe mara mbili kwa mwaka kabla ya mvua: Septemba kabla ya vuli, Februari kabla ya masika. Kuzibua wakati mvua inanyesha ni uokoaji, si matengenezo.

(iv) Kazi ianzie mtaro unapomwaga maji na kurudi juu.

(v) Hakuna kutoa tope bila gari la kulibeba siku hiyohiyo. Fedha ya tipa iwe na kifungu chake cha bajeti.

(vi) Eneo la kumwaga tope litengwe na kujulikana mapema.

(vii) Michoro mipya iwe na mifuniko ya vipande vidogo yenye vishikio, ambayo watu wanne wanaweza kuiinua na kuirudisha.

(viii) Makutano ya vichochoro vya udongo na mtaa wa lami yajengewe mashimo ya kunasia mchanga.

(ix) Vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu vinavyonufaika na mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani vipewe mikataba ya mwaka mzima ya utunzaji wa mitaro, kila kikundi na mitaro yake. Malipo yategemee mtaro kuwa wazi, si idadi ya siku walizofika.

(x) Wafanyabiashara walio juu ya mtaro wasiondolewe tu. Wapangwe ili kila baada ya mita chache kibaki kipande cha kufungulia, nao washirikishwe katika ulinzi wake.

(xi) Sheria ndogo kuhusu kifusi, mchanga wa ujenzi na maji taka yanayoelekezwa mitaroni zisimamiwe kwa haki, kuanzia kwa wenye majengo makubwa.

(xii) Maeneo ya wazi yaliyo bondeni yaingizwe kwenye mpango wa mitaro kabla ya kuwekewa nyasi au viti.

(xiii) Kamati ya Mipango Miji na Mazingira ipokee taarifa ya mitaro kila robo mwaka, pamoja na picha.

(xiv) Narudia, kwa kuwa ndiyo roho ya mada hii: mradi wowote wa mtaa usipitishwe na Baraza bila jina la mwenye mtaro na kifungu cha fedha za kuutunza.

6. Hitimisho

Waheshimiwa, siku ya makabidhiano ya barabara huwa tunasimama mbele ya utepe, wataalamu, viongozi na wananchi. Naomba siku hiyo diwani wa kata aulize maswali matatu mbele ya wote. Mtaro huu Septemba atauzibua nani? Kwa fedha ipi? Tope litapelekwa wapi? Tukiwa na majibu, tukate utepe. Tusipokuwa nayo, turudi kwanza ofisini tukaandikiane, maana yule mama lishe bado anasubiri jibu lake.